Zahanati ya saa 24, wauguzi wawili: tuongee ikama mkoani Tanga

Mkunga wa Mwambao (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wanajukwaa. Wakubwa wote shikamooni.

Kila baada ya siku chache hupandishwa humu uzi wa kuwalaumu wauguzi. Mama kafika zahanati usiku wa manane kakuta kufuli. Mzee kasubiri kipimo cha malaria tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nesi kamjibu mjamzito kwa ukali. Mengi ni ya kweli na sikuja kuyakanusha. Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi zahanati za mwambao wa mkoa huu na sasa niko kituo cha afya. Ninaomba leo, kabla hatujafika kwenye tabia ya mtu, tuanze na hesabu ya saa zake.

Mwaka una wiki 52. Siku tano za kazi kwa wiki ni siku 260. Toa likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28 za kalenda, sawa na siku 20 za kazi. Toa sikukuu, tuseme 15. Toa siku za kuumwa, za msiba na za semina, tuseme 10. Zimebaki 215. Kwa saa nane kila siku, muuguzi mmoja anatoa saa 1,720 kwa mwaka mzima. Mwaka wenyewe una saa 8,760, na watoto hawazaliwi saa za ofisi. Gawanya. Ili chumba cha kujifungulia kiwe na muuguzi mmoja tu, usiku na mchana, Jumapili na Idi, wanahitajika wauguzi watano na zaidi kidogo. Hapo sijamtaja wa kliniki ya watoto, wa sindano, wa kufunga vidonda, wala wa kumsindikiza mgonjwa anayepewa rufaa.

Namna hii ya kuhesabu si yangu. Shirika la Afya Duniani lina njia iitwayo WISN, inayopima mahitaji ya watumishi kwa wingi wa kazi iliyopo, na hapa nchini imetumika. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 kuhusu ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo, nao ulisema wazi: zahanati watumishi 15 hadi 20, kituo cha afya 39 hadi 52, hospitali ya wilaya 200 hadi 337. Anayeishi Pangani ng'ambo ya Bweni, au Kilindi ndani, au Mkinga, aende akaulize zahanati ya kijiji chake ina wangapi. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo tulibaki wawili, mimi na mhudumu wa afya. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa masomoni.

Tumefikaje hapa? Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo zuri sana. Wananchi wakabeba mawe na mchanga, wakapandisha maboma kwa nguvu zao. Mwaka 2021 zikaja tozo za miamala ya simu, na sehemu ya fedha ile ikaenda kujenga vituo vya afya 234 nchini. Majengo yapo, tunayaona. Lakini jengo hulipiwa mara moja, likazinduliwa. Mshahara hulipwa kila mwezi mpaka mtu anastaafu. Mfadhili yuko tayari kujenga, mbunge yuko tayari kujenga, hata mwanakijiji anachangia tofali. Wa kuchangia mshahara wa nesi hayupo, huo unasubiri Hazina. Kwa hiyo kinapofunguliwa kituo kipya, watumishi wake wanachotwa kwenye vituo vya zamani. Kijiji kimoja kinashangilia, cha jirani kinabaki na mtu mmoja.

Jambo la pili ndilo lililonikalisha kuandika. Ajira zinatoka, tusiseme hazitoki. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za kada za afya, mwaka 2023 nafasi 8,070. Vijana wanapangiwa hadi huku kwetu na wanaripoti. Muda si mrefu wanahama. Huko anakokwenda anaongeza idadi, huku anakotoka kiti kinabaki kitupu mpaka halmashauri iombe kibali upya, bajeti nyingine, mwaka mwingine. Tunatangaziwa walioajiriwa. Waliobaki vituoni hatutangaziwi.

Ninachokitaka ni hiki: mtumishi asiachiwe kutoka zahanati yenye upungufu kabla mbadala wake hajaripoti, na jengo jipya lisifunguliwe kabla hatujajua majina ya watakaolifanyia kazi na mahali watakapolala. Karibuni, hasa watu wa Tanga.

Binti Chumbageni

Dada yangu, hesabu yako nimeielewa. Lakini na sisi wazazi tusikike.

Mwanangu wa kwanza nilijifungulia kijijini nikiwa kwa mama mkwe. Zahanati ilikuwa wazi, taa inawaka, na aliyenipokea alikuwa mhudumu wa afya. Mama wa makamo, maneno yake mazuri, Mungu amlipe kheri. Damu ilipozidi hakuwa na la kufanya zaidi ya kupiga simu na kunikandamiza tumbo huku anasoma dua. Gari likaja, nikafikishwa hospitali, niko hai. Baadaye sana ndipo nikaambiwa kwamba yule mama hakusomea ukunga. Hapo ndipo paliponiuma. Kama nesi hayupo tuambiwe hayupo, tuwahi kwenda kwingine mapema, tusijue habari hizo tukiwa tayari kitandani.

Na lugha chafu wodini haiwezi kuelezwa kwa hesabu ya saa. Nimewahi kuhudumiwa na nesi aliyechoka mpaka macho mekundu na bado alinishika mkono.

Mkunga wa Mwambao

Pole sana mdogo wangu, na tumshukuru Mungu kwa uhai wako.

Lugha chafu siitetei hata kidogo. Muuguzi anayemtukana mama aliye kwenye uchungu ashitakiwe kwa mganga mfawidhi, na ikibidi lifike Baraza la Uuguzi na Ukunga, hiyo ni kazi yao.

Kuhusu yule mama mhudumu, umenigusa mahali penyewe. Mama akishajifungua anatakiwa achomwe sindano ya oksitosini ndani ya dakika ya kwanza, kuzuia damu. Baada ya hapo kuna kulichunguza kondo la nyuma kama limetoka lote, kukanda kizazi, kuangalia kama kuna mchaniko, kuweka dripu. Kazi hiyo inafundishwa darasani na wodini kwa miaka. Mhudumu wa afya amesomeshwa usafi, kupima joto, kumsaidia mgonjwa. Anazalisha kwa sababu sisi hatupo, na kukitokea kifo yeye ndiye anayeitwa kuhojiwa. Ninawajua wanawake wa kada hiyo ambao wamepokea watoto wengi kuliko wakunga wa mjini, na mshahara wao ni ule ule wa chini kabisa. Tunawadhulumu wao na tunawadhulumu ninyi.

Tabibu wa Kilindi

Naunga mkono hoja. Niongeze ambalo dada amelipita: kuandika.

Niko zahanati. Asubuhi naona wagonjwa wa nje, na kila mmoja anaingia kwenye kitabu cha MTUHA, yaani daftari la takwimu za huduma za afya, na kwenye mfumo wa kompyuta. Kliniki ya wajawazito ina kitabu chake, watoto kitabu chao, uzazi wa mpango chake, wodi ya wazazi chake. Mwisho wa mwezi zote zinajumlishwa, ripoti inatumwa wilayani. Dawa za kuagiza Bohari ya Dawa zina mfumo wake. Tangu fedha zianze kuja moja kwa moja kwenye akaunti za vituo mwaka wa fedha 2017/18, mpango na matumizi navyo vinaingizwa kwenye mifumo yake, na sisi hatuna mhasibu. Tabibu ndiye mhasibu. Halafu kuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi wa umma, nijaze nimetekeleza nini wiki hii.

Siipingi mifumo. Fedha kuja moja kwa moja kituoni ni jambo bora kuliko yote niliyoyaona tangu niajiriwe, zamani tulikuwa tunasubiri hata pamba iidhinishwe wilayani. Lakini kila mpango mpya unaletwa kana kwamba zahanati ina watu 15. Unakuja mradi wa lishe, semina, daftari. Unakuja wa kifua kikuu, semina, daftari. Anayeitwa semina zote ni mimi, na siku nikiwa Songe kwenye semina, mgonjwa anaambiwa daktari hayupo arudi kesho.

Jicho la Kodi

Tuwe wakweli. Fedha zitoke wapi? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana pale Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na nchi nyingi mpaka leo hazijafika hapo. Kima cha chini cha mshahara serikalini kimepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, asilimia 35.1. Ni haki yao, ila maana yake kila ajira mpya sasa ni ghali zaidi kuliko jana.

Dawa ninayoiona ni nyepesi. Anayeajiriwa kwa kodi yetu kwenda kijijini akae kijijini, miaka mitano, asihame kwa sababu yoyote. Asiyetaka aache, foleni ya wasio na ajira ni ndefu.

Mke wa Mwalimu, Mlalo

Jicho la Kodi, kwa heshima zote kaka yangu, unaongea juu ya watu kama magunia ya mahindi.

Mimi ni ofisa muuguzi. Mume wangu ni mwalimu, yuko Handeni. Mimi niko huku milimani Lushoto. Tunaonana likizo za shule na siku nikibahatika kupata mapumziko yanayofuatana. Mtoto wetu analelewa na bibi yake. Nimeomba kuhama kumfuata mwenza kwa utaratibu, mfumo umepokea, jibu ni kwamba kituo changu kina upungufu. Sawa, nimeelewa. Ila upungufu huo niliukuta, sikuuleta mimi. Kwa nini ulipiwe na ndoa yangu?

Sasa niambie kuhusu hiyo miaka mitano. Nyumba ya mtumishi ipo moja na anakaa mfawidhi. Mimi nimepanga chumba, na ukiamshwa usiku unatembea kwenye ukungu na tochi ya simu. Nikizalisha usiku, asubuhi niko kliniki, maana hakuna wa kunipokea. Posho ya kuitwa kazini huja ikipenda. Kupanda daraja kwangu kulichelewa na malimbikizo mpaka leo nayafuatilia. Ukinifungia mlango juu ya hayo yote sitabaki kwa moyo, nitabaki kwa mwili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010, likauhuisha 2021, wa namna ya kuwabakiza watumishi vijijini. Kumfunga mtu kwa mkataba kumo, sikatai, lakini kumeandikwa pamoja na mambo mengine: kuwachukua masomoni vijana waliokulia vijijini, kuwapa wanafunzi mazoezi ya kazi huko huko vijijini, nyumba, posho, nafasi ya kusoma, usalama. Serikali ikichukua la kufunga peke yake ikayaacha mengine, itapata watu wanaohesabu siku.

Nyumba siyo anasa. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijenga nyumba za watumishi wa afya vijijini na kuajiri wataalamu kwa mikataba kuwapeleka wilaya zenye shida, kwa sababu walishaona kwamba mshahara bila mahali pa kulala haumbakizi mtu.

Ngamiani Yetu

Mke wa Mwalimu umeniliza. Mungu awakutanishe.

Katibu Mstaafu

Marahaba wanangu. Nilikuwa katibu wa afya kwenye halmashauri, nimestaafu. Niwape historia kidogo, kwa sababu vijana mnadhani tatizo lilianza juzi.

Miaka ya 1990, kwenye mageuzi ya utumishi, Serikali ilipunguza wafanyakazi na kusimamisha ajira mpya. Vyuo vya uuguzi vilitoa wahitimu ambao hawakupangiwa kazi kama tulivyopangiwa sisi. Pengo lile tulilibeba miaka mingi: wazee waliostaafu hawakuwa na wa kuwafuata nyuma yao, na wodi zikabaki na wauguzi wenye umri wa mama zenu na wahudumu. Ilipokuja MMAM mwaka 2007 majengo yaliongezeka juu ya pengo hilo hilo.

Juni 2016 ajira na upandaji madaraja vikasimamishwa tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wa afya wakiwemo. Uhakiki ulikuwa wa haki, cheti cha kughushi kwenye chumba cha sindano ni hatari. Ninachokilalamikia ni kasi ya kuziba. Mtu aliondoka kwa siku moja, mbadala wake alisubiriwa kwa misimu. Kwenye zahanati ya watumishi watatu, akiondoka mmoja umeondoa theluthi.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hamlijui. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Bombo yetu, zilihamishiwa Wizara ya Afya baada ya agizo la Rais la mwaka 2017. Kibali cha kuajiri kinatoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Fedha ya mshahara iko Hazina. Usaili sasa unafanywa na Sekretarieti ya Ajira. Kila ofisi ina kipande chake na kila ofisi ikiulizwa hujibu kwa usahihi kabisa kuhusu kipande chake. Kiti kitupu cha zahanati ya kijiji hakina ofisi inayolala nacho. Katibu wa afya anakijua, anakiandika kwenye makisio ya ikama kila mwaka, na mwaka unaofuata anakiandika tena.

Nyongeza: kaka wa kodi anaogopa gharama, na ni haki yake kuuliza. Aulize pia gharama ya chumba cha upasuaji kilichojengwa kituo cha afya kikakaa na kufuli kwa kukosa mtaalamu wa usingizi. Taa, kitanda, mashine, vyote vimelipiwa. Mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hashuki, anapita mbele ya mlango ule akiwa ndani ya gari la wagonjwa kuelekea mjini.

Nesi wa Kujitolea

Wazee shikamooni. Nilikuwa nasoma tu ila foleni aliyoitaja Jicho la Kodi ni mimi.

Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, nina leseni. Najitolea kituo cha afya. Nafanya zamu sawa na walioajiriwa, za usiku zikiwemo. Kituo kinanipa kidogo kutoka makusanyo ya ndani, mwezi ambao makusanyo yapo. Mwezi ambao hayapo nakula kwa dada yangu. Nashukuru kwa uzoefu, na walimu wangu wa kazi wamekuwa watu wema kwangu.

Jambo moja linanisumbua. Tupo tuliosomeshwa, wapo wagonjwa wasio na wa kuwahudumia, na sote tuko mkoa mmoja. Wanaposema nchi ina uhaba wa wauguzi, mimi najiona niko wapi kwenye huo uhaba? Kitakachonisaidia si kuonewa huruma. Muda niliojitolea kwenye kituo chenye upungufu uhesabiwe alama nikienda kwenye usaili, na nafasi ikitokea pale pale ninapojitolea nifikiriwe kwanza. Pale wananijua, nina chumba tayari, sitaomba kuhama.

Mke wa Mwalimu, Mlalo

Mdogo wangu, hilo la mwisho ulilolisema lina akili kuliko nusu ya nyaraka ninazosaini.

Aliyekuwa CTC

Mimi nilikuwa kwenye kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, mkataba wa mradi. Mshahara wetu ulitoka Marekani. Januari 2025 ile amri ya kusitisha misaada ilipotoka, tuliambiwa tusije kazini mpaka taarifa nyingine. Wengine walirudishwa baadaye. Mimi sikurudishwa.

Siandiki kudai kazi. Naandika kwa sababu kwa miaka tulihesabiwa kama watumishi waliopo kituoni. Tulikuwa tunafuatilia waliokatiza dawa, tunatoa ushauri nasaha, tunapanga mafaili, tunatunza kumbukumbu. Tulipoondoka kazi haikuondoka, ikamwangukia muuguzi mmoja wa Serikali ambaye tayari alikuwa na kliniki nyingine. Wapo wagonjwa wangu ambao walikuwa wanakuja siku ya zamu yangu tu, kwa sababu siri yao naijua mimi. Wamekwenda wapi?

Katibu Mstaafu, hili mlikuwa mnaliona linakuja?

Katibu Mstaafu

Tulikuwa tunaliona mwanangu. Kwenye makaratasi ya kila mradi huwa kuna kipengele cha namna Serikali itakavyowachukua watumishi mradi ukiisha. Kipengele hicho huandikwa mwanzoni na kusomwa mwishoni. Sina neno la kukufariji, pole sana. Kazi uliyoifanya ilikuwa kazi ya Serikali, ililipwa tu na mwingine.

Mvuvi wa Kipumbwi

Huku kwetu tunaowaona zaidi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango ulizinduliwa Januari 2024 na lengo ni kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanawakumbusha wajawazito kliniki, wanawatambua watoto wenye utapiamlo. Na m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, imesaidia, unapiga 115 gari linatafutwa, hata la mtu binafsi, mama anapelekwa. Zamani tulikuwa tunambeba kwenye ngalawa.

Ila gari linampeleka mama mahali. Akifika akute mtu.

Jicho la Kodi

Nimesoma wote. Ya miaka mitano "kwa sababu yoyote" naiondoa. Mke wa Mwalimu, hoja ya nyumba nimeielewa. Lakini swali langu bado liko palepale na sijajibiwa: ukimruhusu kila mwenye sababu nzuri kuhama, na kila mtu ana sababu nzuri, nani atabaki Mlalo? Mgonjwa wa Mlalo naye ana sababu nzuri.

Mkunga wa Mwambao

Hilo ndilo swali la uzi huu na nashukuru umelirudisha.

Upo tayari uhamisho wa kubadilishana. Muuguzi wa Lushoto anayetaka Handeni anamtafuta wa Handeni anayetaka Lushoto, wa kada moja, waajiri wakikubali wanapishana. Uzuri wake kila kiti kinabaki na mtu. Ubaya wake ni kwamba watumishi wenyewe ndio wanaotafutana kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa bahati. Halmashauri zina orodha za wanaotaka kutoka, wa kuingia, na kada zao, yote yako kwenye mfumo. Kwa nini mfumo wenyewe usiwakutanishe?

Kwa zahanati iliyo chini ya ikama mimi ningeweka hivi. Kuhama kwa kubadilishana kupitishwe haraka bila kuzungushwa. Kuhama kwa kumfuata mwenza au kwa maradhi kukubaliwe, lakini barua ya kumwachia itoke siku mbadala anaporipoti, na halmashauri ipewe muda wa mwisho wa kumleta huyo mbadala. Muda ukipita mtumishi aende zake na swali lihamie kwa mkurugenzi: kwa nini hukuziba? Sasa hivi muda ukipita anayeumia ni mtumishi na mgonjwa tu, ofisi haiumii. Na mbadala wa haraka yupo, tumemsoma hapo juu, anajitolea na leseni yake mkononi.

Mke wa Mwalimu hatakaa bila tarehe. Mgonjwa wa Mlalo hatakaa bila muuguzi. Gharama yake ni nafasi ile ile moja ya mshahara iliyokuwepo.

Madaktari bingwa waliokuja wilayani kwa kampeni ya mwaka 2024 walifanya kazi kubwa, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Nilifurahi kuwaona. Walipoondoka, foleni ile ilirudi kwetu sisi tuliobaki, na ndiyo maana nasisitiza habari ya anayebaki.

Tabibu wa Kilindi

Mimi naongeza kimoja tu: namba hizi zibandikwe. Kwenye ubao wa zahanati tunabandika mapato na matumizi. Pembeni yake iandikwe ikama inataka wangapi, waliopo wangapi, aliye likizo, aliye masomoni, na usiku wa leo nani yuko zamu na ana kada gani. Binti Chumbageni asingeshtukizwa kitandani. Na mwananchi akikuta niko peke yangu ataanza na swali tofauti.

Binti Chumbageni

Hilo nalitaka hata kesho. Sasa sisi tusio watumishi tunaanzia wapi? Kule kwa mama mkwe wanajenga wodi mpya ya wazazi, boma limeshafika kwenye lenta, na zahanati ina nesi mmoja.

Katibu Mstaafu

Anzieni kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati, ina wajumbe wanaotoka kwenu wananchi, na kisheria mnaruhusiwa kuwauliza. Waombe kwa maandishi mganga mfawidhi awape ikama na waliopo. Barua ikiwa na muhuri wa kijiji, impitie diwani iende kwa mganga mkuu wa wilaya na nakala kwa mkurugenzi. Fanyeni mapema, kabla makisio ya bajeti hayajafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu yakishapita mnasubiri mpaka Julai ya mwaka mwingine. Na kwenye barua msiombe "watumishi". Andikeni kada na idadi: wauguzi wakunga wangapi, tabibu wangapi, wa maabara wangapi, na nyumba ngapi. Barua ya kuomba watumishi hujibiwa "ombi lenu limepokelewa". Barua yenye idadi inabidi ijibiwe kwa idadi.

Kuhusu boma, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kupaua: chumba kimoja cha ile ramani kinaweza kubadilishwa kuwa nyumba ya mkunga?

Binti Chumbageni

Mkutano ni mwezi ujao, mume wangu atakuwepo. Katibu, naomba nikuandikie rasimu ya barua hapa hapa kwenye uzi uikosoe kabla hatujaipeleka. Mkunga, nisaidie idadi ya kwa zahanati yenye wodi ya wazazi ya saa 24: nianze na wakunga watano?

Mkunga wa Mwambao

Anza na watano. Na chini yake weka ile hesabu ya saa 8,760 ili wasikukate.